Kura Ilitangulia Shamba

Mtu akiiacha njia kuu ya Shinyanga na Mwanza pale Kolandoto, akashika ile iendayo Lalago, hufika Mhunze, makao ya Wilaya ya Kishapu, baada ya kupita katikati ya mbuga za udongo mweusi ambao wakati wa mvua hunasa gurudumu na wakati wa kiangazi hupasuka mianya ya kumeza unyayo. Hii ni nchi ya pamba na ng'ombe, na ni nchi ya almasi vilevile, maana mgodi wa Mwadui, alioufumbua mwanajiolojia wa Kanada John Williamson mwaka 1940, umo ndani ya mipaka yake. Wilaya yenyewe ni changa. Ilikatwa kutoka Shinyanga Vijijini mwaka 2002. Kwa hiyo nikiitaja Kishapu katika habari za miaka ya nyuma, naikusudia ardhi na kaumu iliyokaa juu yake, wala si ofisi na bendera.

Habari ninayotaka kuisimulia ni ya wanawake wa nchi hii na kura yao, na yale waliyoyatafuta baada ya kuipata. Wengi walioandika historia ya uhuru wetu humfikisha mwanamke mpaka mlangoni pa kituo cha kupigia kura, wakamsifu, wakamwacha hapo, kana kwamba safari yake imekwisha. Mimi naona kwamba hapo ndipo safari ilipoanza kuwa ngumu. Kwa sababu mwanamke wa Tanganyika alipewa sauti katika kumchagua mkuu wa dola kabla hajapewa sauti juu ya jaruba alilolilima, juu ya ng'ombe waliotolewa kwa ajili yake, na juu ya nyumba aliyoikandika kwa mikono yake mwenyewe.

Mwaka 1955, chama cha TANU kilipokuwa na umri wa mwaka mmoja, Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma mjini Dar es Salaam, aliombwa aongoze idara ya wanawake wa chama hicho. Akapita katika vikundi vya ngoma ya lelemama, ambavyo vilikuwa tayari na viongozi wao, hazina zao na nidhamu yao, na katika muda wa miezi michache akaandikisha wanawake wapatao elfu tano. Hivyo mtandao wa siasa ya wanawake haukushonwa upya. Ulishonwa juu ya kitambaa kilichokuwapo, cha arusi, cha misiba, cha kuchangiana na kuzikana.

Huku kwetu Usukumani mambo hayakwenda hivyo. Serikali ya kikoloni iliikatalia TANU kuandikishwa katika Jimbo la Ziwa tangu mwaka 1954 hadi 1958, ikihofia nguvu ya watu waliokwisha kuungana katika vyama vya ushirika wa pamba chini ya Paul Bomani, ambavyo mwaka 1955 vilikusanyika katika shirikisho moja kubwa. Kwa hiyo wakati mwanamke wa Kariakoo alipokuwa akitembea na kadi ya chama ndani ya kanga, mwenzake wa Kishapu alikuwa katika nchi ambayo chama hicho kilikuwa marufuku, na harakati aliyoiona kwa macho ilikuwa ile ya mizani na bei ya pamba. Hiyo nayo haikuwa yake sawasawa. Palizi ilikuwa yake, kuchuma kulikuwa kwake, kuchambua safi na chafu kulikuwa kwake. Lakini aliyeandikwa katika kitabu cha chama cha msingi, na aliyenyoosha mkono kupokea fedha pale mzigo ulipokwisha kupimwa, aghalabu alikuwa mume.

Marufuku hiyo ilivunjika kwa vurugu. Mwaka 1958 watu wa Geita walikataa baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi walilowekewa bila ridhaa yao, wakaenda Mwanza kwa maelfu kudai wasikizwe, wakatawanywa kwa moshi wa kutoza machozi. Na kabla ya mwaka kwisha TANU ikaruhusiwa tena kufanya kazi katika Jimbo la Ziwa. Nataja Geita kwa sababu mambo mawili hayo, ushirika wa pamba na ukaidi wa Geita, ndiyo yaliyowafundisha watu wa huku kwamba dola inaweza kuambiwa la.

Sasa tuitazame kura yenyewe, kwa kuwa haikuja kwa mkupuo mmoja. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 aliyeruhusiwa kupiga kura ni yule mwenye elimu ya kiwango fulani, au mwenye madaraka, au mwenye kipato cha paundi 150 kwa mwaka, naye alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Sheria haikumbagua mwanamke kwa jinsi yake. Ilimbagua kwa mfuko wake, na mfuko wa mwanamke wa shamba ulikuwa mtupu. Wanawake wachache waliingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa uchaguzi huo, miongoni mwao Sophia Mustafa wa Arusha, Lady Chesham wa Iringa, na Barbro Johansson, mwalimu wa Kiswidi aliyekuwa akifundisha upande wa Ziwa. Mwaka 1960 masharti yalilegezwa: kipato kikashushwa hadi paundi 75, na ajuaye kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza akakubaliwa. Bibi Titi alipata kiti cha Rufiji. Lakini katika viti 71 vya mwaka huo, 58 havikuwa na mpinzani, kwa hiyo sehemu kubwa ya nchi haikupiga kura hata hiyo.

Siku ya kweli ilikuwa Novemba 1962, uchaguzi wa Rais wa kwanza wa Jamhuri, baina ya Mwalimu Julius Nyerere na Zuberi Mtemvu. Safari hii hapakuulizwa paundi wala darasa. Kila raia aliyetimiza miaka 21 aliruhusiwa, mwanamume na mwanamke, tajiri na fukara, asomaye na asiyesoma. Zaidi ya watu milioni moja walimpa Nyerere kura zao. Kwa bibi wa kijiji cha Ukenyenge au Mondo, ambaye hajawahi kuulizwa na serikali yoyote rai yake juu ya lolote, hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza neno lake kuhesabiwa sawa na neno la mtemi.

Mwaka huo huo ukaundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, na Bibi Titi akawa kiongozi wake wa kwanza. Uliunganisha idara ya wanawake ya TANU na Baraza la Wanawake wa Tanganyika, lililoanzishwa mwaka 1951 na mke wa Gavana Twining, ambalo vilabu vyake vilijishughulisha na cherehani, mapishi na malezi. Mtu anaweza kuudharau urithi huu wa pili, akasema kwamba cherehani haimkomboi mtu. Mimi siudharau. Lakini ni kweli kwamba umoja mpya ulizaliwa na roho mbili ndani ya kifua kimoja: roho ya kudai na roho ya kufuma, na katika miaka iliyofuata roho hizi zilishindana, aghalabu ya pili ikipata wakubwa wa kuipigia makofi.

Kwa kulinganisha, wanawake wa Marekani, walipokaribia kuipata kura mwaka 1920, waliunda jumuiya yao ya wapiga kura, wakaiweka kando ya vyama vya siasa kwa makusudi, kisha vyama vya wanawake vikaungana kulishawishi bunge lao, ambalo mwaka uliofuata likapitisha sheria ya kuwasaidia akina mama na watoto wachanga. Sheria hiyo iliachwa ife mwaka 1929, wanasiasa walipokwisha kutambua kwamba wanawake hawapigi kura kama kundi moja la kuogopwa. UWT haikuwa na hiari ya kusimama kando. Ilizaliwa ndani ya chama, na chama kilikuwa karibu ndicho dola. Faida ya jambo hilo ni kwamba tawi la wanawake liliweza kufika kila mahali lilipofika tawi la TANU, hata Kishapu. Hasara yake ni kwamba palipokuwa na khitilafu baina ya haja ya wanawake na haja ya chama, ilijulikana mapema ipi itangoja.

Na khitilafu haikuchelewa. Mwaka 1963, hata mwaka mmoja haujatimia tangu uchaguzi wa Rais, serikali ilitangaza mila za makabila zilizoandikwa na kupangwa kuwa sheria, ili mahakama za nchi nzima ziwe na kitabu kimoja cha kufuata. Kazi ya kuzikusanya ilikuwa imeanzishwa na Hans Cory, Mwaustria aliyeitumikia serikali ya kikoloni kama mtaalamu wa jamii, ambaye mwaka 1953 alikwisha kutoa kitabu juu ya sheria na desturi za Wasukuma. Nia ya kuunganisha sheria ilikuwa njema. Taifa changa lilihitaji kitu cha kulifunga pamoja. Lakini walioulizwa mila ni nini walikuwa wazee wanaume, na wazee wanaume walieleza mila kama walivyoiona kutoka kitini pao. Matokeo yake ni Amri iliyowapanga warithi katika madaraja matatu, mabinti wakawekwa daraja la tatu, wakaruhusiwa kulitumia shamba la ukoo maisha yao yote pasipo kuliuza. Kuhusu mjane, Kanuni ya 27 ilisema kwamba hana fungu katika mirathi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza wao.

Nimeisoma kanuni hiyo mara nyingi, na kila mara hunishika kwa namna ile ile. Mtu aliyekuwa na neno katika kumchagua mkuu wa nchi hana neno katika kuamua atalala wapi mumewe akifa. Mila, ilipokuwa ikiishi vinywani mwa watu, ilikuwa na huruma na nafasi za kupenyeza. Jirani mwema, mjomba mwenye haya, mtemi mwenye insafu, wote waliweza kuipindisha kidogo kwa ajili ya mjane. Ilipoandikwa katika gazeti la serikali ikapoteza masikio.

Mwaka 1965 nchi ilikwenda tena kwenye uchaguzi, sasa chini ya chama kimoja, na karibu kila jimbo likapewa wagombea wawili wa TANU. Kwa ajili ya wasiojua kusoma, mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Mtunzi wa alama hizo alitaka tu vitu ambavyo kila mtu anavijua. Lakini nikimfikiria mwanamke wa Kishapu akitia alama yake juu ya jembe au juu ya nyumba, siwezi kujizuia kuona kwamba vilikuwa vitu viwili alivyovishika kila siku ya maisha yake na ambavyo Amri ya 1963 haikumwachia kuwa vyake. Mwaka huo Bibi Titi alishindwa Rufiji, naye Paul Bomani alishindwa Mwanza. Wapiga kura walikuwa wamejua kwamba kura inaweza kuondoa pia.

Kisomo kilitangulia mageuzi ya sheria. Tangu 1968 hadi 1972 mikoa ya Ziwa, Shinyanga ikiwamo, ilikuwa uwanja wa mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima uliosaidiwa na UNESCO, ambao makao yake yalikuwa Mwanza. Vitabu vyake vya kusomea vilifungwa na kazi za watu: kimoja juu ya pamba, kingine juu ya ng'ombe, kingine juu ya utunzaji wa nyumba. Chini ya miti na katika mabanda ya shule, jioni, mwanamke aliyetoka shambani alikaa akafuata herufi kwa kidole. Sitaki kukuza jambo, lakini nadhani hakuna kazi ya UWT vijijini iliyozaa zaidi ya ile ya kuwatoa wanawake majumbani waende darasani. Kwa maana asiyejua kusoma humwamini karani, na karani wa mizani, wa mahakama na wa ofisi ya kata, wote walikuwa wanaume.

Kisha ikaja Sheria ya Ndoa. Mwaka 1969 serikali ilichapisha mapendekezo yake kwa Kiswahili na kuyaweka mbele ya umma yajadiliwe, jambo la nadra kwa sheria yoyote, na UWT ikatumia matawi yake yote kuyatetea. Bungeni mjadala ulikuwa mkali. Palikuwa na wabunge waliosema kwamba serikali inaingia chumbani mwa watu, na palikuwa na waliosema kwamba mke mwenye haki ya kusikizwa atamharibia mume heshima. Sheria ilipita, ikaanza kutumika mwaka 1971, na ndani yake mna mambo ambayo kwa wakati ule hayakuwa na mfano mwingi katika Afrika. Ndoa zote, za dini zote na za mila, ziliwekwa chini ya sheria moja na kutakiwa ziandikishwe. Ilisemwa waziwazi kwamba hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumpiga mwenziwe. Mke alitambuliwa kuwa na mali yake mwenyewe. Mume aliyefunga ndoa ya mke mmoja hakuweza kuigeuza kuwa ya wake wengi pasipo mke wa kwanza kuridhia. Tena, na hili ndilo lililotikisa Usukumani kuliko yote, ilielezwa kwamba ndoa haiwi batili kwa sababu mahari haijalipwa.

Ili asiye Msukuma afahamu uzito wa kifungu hicho, inampasa ajue kwamba katika mila ya huku ng'ombe wa mahari hawakuwa zawadi. Walikuwa ndio hati ya ndoa yenyewe: ng'ombe walipotoka zizi hili kwenda zizi lile, watoto walihesabiwa kwa ukoo wa baba, wasipotoka, watoto walikuwa wa upande wa mama. Mfumo wote wa ukoo, wa mirathi na wa heshima ulisimama juu ya kwato hizo. Sheria ya 1971 haikuwaondoa ng'ombe, wala hakuna sheria ingeweza. Lakini ilisema kwamba mbele ya hakimu, hati ni ridhaa ya watu wawili.

Pamoja na fadhila hizo, sheria hiyo ilikuwa na kasoro kubwa, na heshima ninayowapa walioipigania hainizuii kuitaja. Iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, hali mvulana alitakiwa kungoja hadi 18, na mahakama iliweza kuruhusu ndoa hata ya mwenye miaka 14. Penye mahari ya ng'ombe wengi, idhini ya mzazi si ngao ya mtoto; ni mlango wa zizi. Na huku kwetu kulikuwa na desturi ya vijana kumzingira msichana mnadani au ngomani wakimtaka achague mmoja wao, desturi iitwayo chagulaga, ambayo kwa wazee ilikuwa mchezo wenye mipaka na ambayo kwa kupita wakati mipaka yake ilipotea. Takwimu za taifa za mwaka 2010 zilionyesha kwamba mkoani Shinyanga wanawake 59 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18, kiwango kilichozidi cha mikoa yote. Ilimlazimu mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, kuishtaki serikali ndipo Mahakama Kuu, mwaka 2016, ikavitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Toka 1971 hadi hapo ni miaka arobaini na minane.

Mwaka 1975 UWT ilipata ushindi mwingine: likizo ya uzazi yenye malipo ikawa haki ya kila mwajiriwa mwanamke, aliyeolewa na asiyeolewa. Walimu na wauguzi waliifaidi. Mkulima wa pamba hakuwa na mwajiri, kwa hiyo hakuwa na likizo.

Hapa sina budi kukaa kidogo juu ya jambo ambalo halimo katika historia ya vyama, lakini ambalo lilipima vyama hivyo kuliko uchaguzi wowote. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliazimia kuiokoa Shinyanga na mbung'o kwa kufyeka mapori wanamoishi. Idara ya utafiti wa mbung'o ilikaa Shinyanga ya Zamani chini ya Charles Swynnerton, ambaye alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, na watu kwa maelfu walikusanywa kukata miti. Mbung'o walirudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka, kisha mashamba ya pamba yakala pori lililobaki. Ikafika siku ambayo nchi ilikuwa tupu. Anayetafuta kuni ni mwanamke. Naye alikwenda mbali, kisha mbali zaidi, kisha akakata tamaa akawa anapikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa na mabua ya pamba. Moshi wa vitu hivyo ni mchungu. Baada ya miaka thelathini au arobaini ya kuinamia moto huo katika nyumba isiyo na dirisha, macho ya mwanamke huwa mekundu. Na macho mekundu ya kikongwe, katika nchi hii, yalikuwa ushahidi wa uchawi.

Vikongwe waliuawa kwa mapanga, usiku, majumbani mwao, kwa mamia na kisha kwa maelfu katika miaka ya 1970 na iliyofuata, wengi wao wajane. Sungusungu waliozuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe walirudisha usalama wa mifugo, lakini kwa wanawake waliotuhumiwa uchawi wao pia walikuwa tishio. Mtafiti wa Marekani, Edward Miguel, aliyechunguza Meatu, wilaya jirani ya Kishapu, alionyesha mwaka 2005 kwamba katika miaka ya ukame au mafuriko mauaji ya watu walioitwa wachawi yalikuwa mara mbili ya miaka ya kawaida. Chakula kilipopungua, aliyepunguzwa ni bibi. Umoja wa wanawake ulikuwa na kadi, nyimbo, mihuri na mwenyekiti katika kila kata, na haukuwa na namna ya kumlinda mwanachama wake mzee baada ya jua kuchwa. Sisemi hivi kwa kulaumu. Nasema kwa sababu huu ndio uliokuwa mpaka wa nguvu yake: ulikuwa hodari mbele ya bunge na dhaifu mbele ya ukoo.

Msaada mmoja ulikuja kutoka upande usiotazamiwa. Mwaka 1986, Mwalimu Nyerere akiwa amekwisha kuisikitikia Shinyanga kwamba inageuka jangwa, ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao badala ya kuleta miti ya kigeni uliwarejesha watu kwenye ngitili, yaani yale malisho ya akiba ambayo Wasukuma wa kale waliyafunga wakati wa mvua ili yafunguliwe wakati wa shida. Mashina yaliyokuwa hai chini ya udongo yalichipua. Katika muda wa miaka kama kumi na minane hekta mia chache za ngitili ziliongezeka zikawa zaidi ya laki tatu, na mwendo wa mwanamke kwenda kuni ukapungua. Katika vitabu vya maendeleo mradi huu huandikwa chini ya misitu. Mimi ningeuandika pia chini ya macho ya vikongwe.

Vyama vingi viliporudi, wanawake walijaribu tena kuwa na jumuiya isiyo ya chama chochote. Baraza la Wanawake la Taifa, BAWATA, liliandikishwa mwaka 1995 chini ya Anna Tibaijuka, mchumi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kabla ya uchaguzi wa mwaka huo likasambaza maelezo ya kumfundisha mpiga kura mwanamke nini amwulize mgombea: juu ya maji, juu ya ardhi, juu ya mirathi, juu ya huduma za uzazi. Lilikuwa jambo jepesi na la hatari. Mwaka 1996 baraza likasimamishwa na mwaka 1997 likafutwa, likituhumiwa kujigeuza chama cha siasa. Nadhani kosa lake la kweli lilikuwa kuwauliza wanaume maswali kabla ya kuwapa kura.

Yaliyobaki yalifanywa na mikono midogo zaidi. Wanasheria wanawake na vyama vyao walishiriki kudai mageuzi ya ardhi, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikasema kwamba mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili, na kwamba katika baraza la ardhi la kijiji lenye watu saba, watatu wawe wanawake. Kwenye migodi, wachimbaji wadogo wanawake walijiunga mwaka 1997 katika chama chao, TAWOMA. Mahakamani, Jaji James Mwalusanya wa Mwanza aliamua mwaka 1990 kwamba binti ana haki ya kuuza shamba la ukoo alilorithi sawa na kaka yake. Na kabla yake, mwaka 1983, Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake walikwisha kukubali kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali ya ndoa, ijapokuwa mama aliyeleta shauri hilo mwenyewe hakutoka na chochote zaidi.

Lakini Amri ya 1963 ilikuwa bado kitabuni. Wajane wawili wa Kisukuma, waliotolewa majumbani mwao na jamaa za waume zao, walisaidiwa na kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake kuipinga mbele ya Mahakama Kuu. Mwaka 2006 majaji walikubali kwamba kanuni zile zinawabagua wanawake, kisha wakakataa kuzifuta, wakihofia kwamba kufuta mila moja kutafungua mlango wa kila mila ya kila kabila kushtakiwa. Rufani yao ilingoja miaka minne, ikatupwa kwa kasoro ya karatasi ambayo wao hawakuisababisha. Wakapeleka shauri nje ya nchi, kwa Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na Machi 2015 Kamati hiyo ikasema kwamba Tanzania imevunja ahadi yake, kwamba wajane wale walipwe fidia, na kwamba sheria ibadilishwe. Walipotolewa majumbani kwao walitoka na watoto wadogo, ambao ndio, kwa hesabu ya Kanuni ya 27, waliokuwa mirathi yao.